Alichosema Mzee wa Kitanda cha Saba

Seminari, bweni la pili, chumba namba 14
Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, zinazoumwa ni alama zangu.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara zote kapokea jirani yako na kusema umelala. Saa nne asubuhi umelala? Wewe uliyekuwa ukinivuta mguu kitandani kabla jogoo hajajinyoosha? Kustaafu kumekuharibu, Shangazi.

Muhula uliopita nilianguka somo la Ziara. Kila wiki tunapelekwa hospitali kukaa na mgonjwa, kisha tunaandika ripoti yenye safu tatu: Nilisema, Alisema, Nilihisi. Neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mwalimu wa Ziara, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, alihesabu maneno kwenye ripoti yangu mbele ya darasa zima. "Mgonjwa kasema maneno tisa," akasema. "Wewe mia nne na kumi. Nani alikuwa mgonjwa?"

Walicheka mataifa yote. Hapa mezani tunakaa watu wa lugha saba, tunaelewana kwenye kuombana chumvi tu, lakini siku hiyo kila mtu alielewa.

Kinachonikera zaidi ni mwenzangu wa chumba. Anatoka nchi ya theluji, analala kifua wazi na blanketi lake kanipa mimi, ndiyo maana tunamwita Bwana Blanketi. Kiswahili chake hakijazi kijiko. Ripoti yake ilisomeka hivi: "Alisema: sikuelewa. Nilisema: Pole. Alisema: sikuelewa. Nilisema: Pole." Kapata themanini! Na wagonjwa wanamuulizia wodini, "Yule mrefu yuko wapi leo?"

Kanuni ni kwamba ukianguka Ziara mara mbili, huendelei. Narudi kwenye kiti changu cha kinyozi, na safari hii wateja ndio watakaonihubiria mimi.

Mgonjwa wangu mpya ni mzee wa kitanda cha saba. Ana ndevu zilizojiotea na mrija shingoni, pumzi zake zinatoka kwa mlio wa kiti kinachoburutwa. Nilimwona kwa mbali, mlangoni. Wiki ijayo nitaingia.

Niombee,
Mdomo wako

*

Nyumbani
Tarehe 17 Februari

Mwanangu Mdomo,

Marahaba. Simu achana nayo. Inakatika, inalia wakati mtu anaoga, na jirani anasikiliza. Niandikie. Barua haina haraka.

Nimecheka hiyo hesabu ya maneno hadi nikakohoa. Jina hilo la Mdomo nilikupa mimi ukiwa na miaka mitatu, sikujua kama litakufuata mpaka kwenye kazi ya Mungu. Wateja wako walikuwa wakitoka kwako wamenyolewa nywele na masikio yamechoka.

Huyo Bwana Blanketi usimwonee kijicho, mwige. Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja. Wagonjwa hawakumbuki ulichowaambia. Wanakumbuka kama ulivuta kiti au ulisimama.

Ingia. Usimwangalie mtu mgonjwa kutoka mlangoni. Unajua kwa nini nasema hivyo.

Shangazi yako

*

Seminari
Tarehe 2 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo! Funga mkanda. Themanini na mbili! Nimempita Bwana Blanketi kwa alama mbili, naye kanikumbatia kama kashinda yeye. Huyu mtu hana hata wivu, ananichosha.

Mwalimu kasema ripoti yangu itasomwa chapelini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mbele ya wageni wa seminari. Nakunakilia kipande uone mwanao alivyoiva:

"Nilisema: Mzee, moyo wako una mzigo gani?

Alisema: Mwanangu, nimeendesha malori miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kusimama nimuulize Mungu njia. Mke wangu na watoto niliwaacha nyuma bila kugeuza shingo. Leo, kwa maneno yako machache, nimeona taa mbele yangu.

Nilihisi: Amani."

Umeona? "Maneno yako machache"! Nimejifunza.

Na hujambo lakini? Barua yako ilikuwa fupi.

Mdomo

*

Nyumbani
Tarehe 9 Machi

Wewe,

Nimeisoma mara mbili, ya pili nimevaa miwani.

Mzee wa kitanda cha saba ana mrija shingoni. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, tarehe tisa ya mwezi wa pili. Mtu mwenye mrija kama huo pumzi yake inatokea shingoni, haifiki kwenye sauti. Haongei. Hata "aa" hatoi. Wewe umempa hotuba ya mkutano wa hadhara.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwa muuguzi aliyefanya kazi wodi ya koo miaka tisa. Huyo mwalimu wako hana kosa, najua hospitali humpa namba za vitanda tu na magonjwa haiyataji. Lakini mimi hunidanganyi.

Hukuingia. Ulikaa kwenye benchi la nje ukaandika. Najua kwa sababu kwenye benchi kama hilo ndiko nilikokukuta siku baba yako anakata roho. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na kila aliyepita ulimpigia soga ili usiingie. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu. Kaka yangu aliuliza uko wapi, nikamwambia umekwenda kuleta maji.

Lakini sasa una miaka thelathini na minne, na unataka kuwa mchungaji. Mchungaji anayeogopa kitanda ni sawa na mwashi anayeogopa ngazi.

Shangazi

*

Seminari
Tarehe 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kwa heshima zote, wewe hukuwepo. Umestaafu miaka mitatu sasa, na siku hizi kuna mirija ya kisasa.

Na habari ya baba ungeiacha ilipo.

Mdomo

*

Seminari
Tarehe 30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wiki mbili hujanijibu na ninastahili. Mirija ya kisasa haipo. Nimemuuliza muuguzi wa wodi, kaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Nilikuwa sijui kama baba aliniulizia. Niliisoma sentensi ile chooni, mahali pekee seminarini ambapo hapana mtu, na nikalia kwa sauti. Bwana Blanketi alinisubiri nje na taulo.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Mwalimu wa Ziara nikamwambia kila kitu. Alivua miwani yake akaifuta muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mzee anaitwa nani?"

Shangazi, sikujua. Nimemwandikia mtu kurasa mbili za maneno, nimempa lori, nimemtelekezea mke, nimemtubisha na kumsamehe, na jina lake silijui.

Ijumaa nilisimama chapelini, mbele ya wageni. Wakati ulikuwa wa kusoma ripoti. Nikasema, "Mzee hakusema hata neno moja. Aliyesema ni mimi." Nikaketi.

Nimepewa sifuri. Baraza la walimu lilikaa saa mbili kuamua kama nifungashe mizigo, na Mwalimu ndiye aliyenitetea. Nina nafasi moja: ziara tatu za kweli, ripoti tatu za kweli, kabla muhula haujaisha. Nikishindwa, naondoka.

Ya kwanza nilikwenda jana. Niliingia, Shangazi. Nilivuta kiti. Mke wake alikuwepo. Ndiyo, mke wake! Huja kila siku saa sita mchana na beseni dogo, anamwosha miguu na kumpaka mafuta. Miaka arobaini hawajatengana. Mzee alikuwa mwashi, hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nilitamani sakafu inifunike.

Jina lake sasa nalijua. Kanuni ya somo hainiruhusu kukuandikia, ila nalijua.

Nisamehe kwa ile barua. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdomo

*

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Nimekusamehe kabla hujaweka stempu.

Ile Ijumaa baba yako angekushika bega. Mimi nimeshika barua yako.

Mzee huyo ana ndevu, ulisema. Ndevu zikiota karibu na mrija huwasha sana na mgonjwa hawezi kujikuna. Wewe ulikuwa na kazi gani kabla ya kazi hii? Fikiri. Lakini muulize muuguzi kwanza, na wembe usipite karibu na kidonda.

Samahani kwa karatasi, ndiyo iliyokuwa karibu.

Shangazi

*

Seminari
Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nianze na jema.

Nimemnyoa. Muuguzi alisimama upande wa pili kama mlinzi wa benki, akafunika mrija kwa kitambaa, akaniambia, "Hapa mwisho wako." Nilichanganya povu kwenye kikombe cha chai. Bwana Blanketi alishika kioo. Kwenye kiti changu kile cha zamani, Shangazi, nilikuwa nikinyoa na kuongea mpira, siasa, harusi za watu. Safari hii nilifunga kinywa. Nilisikia wembe. Miaka kumi na miwili ya ukinyozi na sikuwahi kuusikia wembe wangu mwenyewe.

Nilipomaliza alijipapasa shavu, akajitazama kwenye kioo, akageuza uso kulia, akageuza kushoto, kama wateja wote. Kisha akanishika kiganja. Hakukiachia kwa muda wa saa nzima. Mkewe alipokuja na beseni lake alisimama mlangoni akasema, "Haya, nani huyu kijana mzuri?" Mzee akatetemeka mabega. Alikuwa anacheka.

Ripoti yangu ya pili ina mistari minne. Mwalimu kaandika chini yake neno moja: "Endelea."

Sasa jingine.

Jana usiku Bwana Blanketi aliiokota barua yako iliyoanguka, akaigeuza, akaniuliza maana ya maneno yaliyochapwa nyuma. Mimi nilikuwa sijageuza. Ni fomu ya hospitali. Imeandikwa: Kitanda namba 2. Mwanamke. Umri miaka 63. Chakula laini tu. Kuongea: marufuku. Na tarehe ni ya tatu Aprili, mwaka huu.

Wewe una miaka sitini na mitatu.

Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya. Simu inakatika. Jirani anapokea. Umecheka hadi ukakohoa. Nimejiona mjinga kuliko nilivyojiona chapelini. Ulinikamata uongo kwa mstari mmoja, na mimi wa kwako ulinipita miezi mitatu mbele ya macho.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani alinifundisha methali hiyo? Nani alikuwa akiwatolea wagonjwa wake kila siku?

Niambie. Tafadhali.

Mdomo

*

Nyumbani
Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Haya, umenishika. Mganga hajigangi, na mimi ni muuguzi tu.

Sauti ilianza kukwaruza mwaka jana, ulipokuwa unajiandaa kwenda seminari. Nikasema ni baridi. Nikasema ni vumbi. Ningekuwa mgonjwa wangu ningejichapa. Mwezi wa kwanza iliondoka yote, haikurudi. Kuna uvimbe kooni. Waliniweka kitanda namba mbili siku tano, wakachukua kipande kwenda kupima, wakaniruhusu kurudi nyumbani kusubiri. Ule uongo wako niliujua haraka kwa sababu ya wodi, ndiyo, lakini pia kwa sababu nilipousoma nilikuwa na siku arobaini sijatamka neno. Nilimwonea gere yule mzee wako wa uongo. Alikuwa anaongea vizuri sana.

Unataka kujua kwa nini nilificha. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba ungekuja na kunihubiria. La pili, kwamba usingekuja.

Tarehe tano Mei wananipasua. Majibu ya kipimo hayajatoka, na daktari hasemi sana, nami najua madaktari wasiosema sana. Wataniwekea mrija shingoni, kwa muda, wanasema. Nitakuwa mimi mzee wa kitanda cha saba.

Nimewapeleka wagonjwa wengi kwenye mlango ule wa chumba cha upasuaji nikiwaambia "usiogope". Sasa naogopa, Mdomo. Naogopa sana.

Masomo yako usiyaache kwa ajili yangu. Nimesema tu.

Shangazi

*

Seminari
Tarehe 25 Aprili

Shangazi,

Nakuja. Nitafika tarehe nne. Mwalimu wa Ziara kanipa ruhusa ya siku kumi, akasema ziara ya tatu si lazima iwe hospitali ya hapa.

Sitahubiri. Nitaleta kiti changu mwenyewe kama hawana.

Mdomo

*

Seminari
Tarehe 18 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na aliyekaa karibu nami aliongea njia nzima. Nilimsikiliza. Anafanana na mtu fulani, nimeshindwa kumkumbuka.

Tangu daktari aliposema "Si ule uvimbe mbaya," bado natembea huku nacheka peke yangu. Bwana Blanketi nilipomwambia alininyanyua juu, nikagonga kichwa kwenye taa ya chumba. Taa imevunjika. Tumeandikiwa adhabu ya kufagia chapeli wiki nzima, na tunafagia kwa furaha.

Mzee wa kitanda cha saba kaenda kwake. Nilikuta kitanda kimetandikwa, nikashtuka, muuguzi akanikimbilia: "Katoka kwa miguu yake!" Mrija walimtoa wiki iliyopita. Nikauliza, neno lake la kwanza lilikuwa nini? Muuguzi kasema alimwita mkewe kwa jina. Mara tatu. Mama wa watu akaangusha beseni.

Hii hapa ripoti yangu ya tatu, kama nilivyoikabidhi. Ulinipa idhini kwa kidole gumba, nina shahidi.

"Ripoti ya ziara. Mgonjwa: mwanamke, miaka 63. Siku ya pili baada ya upasuaji. Muda: saa tatu.

Nilisema: Shikamoo.

Alisema: (Alinifinya kidole.)

Nilihisi: Woga. Nilitazama mlango.

Nilisema: Pole.

Alisema: (Alitazama mlango pia. Kisha akanitazama mimi.)

Nilihisi: Nina miaka kumi na saba.

Nilisema: Pole. Sitoki.

Alisema: (Alifumba macho. Machozi yalitoka pembeni.)

Nilihisi: Sikuhisi haja ya kusema.

Nilimchana nywele. Alilala. Nilikaa.

Alipoamka nilisema: Pole.

Alisema: (Alinipiga kofi dogo mkononi.)

Nilihisi: Baba aliniulizia. Nimefika."

Mwalimu kasoma, kavua miwani, hakuifuta. Kanipa hamsini na tisa. Alama ya kupita ni hamsini. Nimepita, Shangazi! Nimebaki!

Sasa nambie wewe, uliyekuwa kitandani: nimeandika kweli?

Mdomo

*

Nyumbani
Tarehe 26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mrija wamenitoa juzi. Kidonda kinafunga vizuri, nimekikagua mwenyewe kwa kioo, na muuguzi kijana kaniambia mimi ni mgonjwa msumbufu. Nimempa alama nzuri.

Nimeisahihisha ripoti yako kwa kalamu nyekundu. Hamsini na tisa ni halali. Umesema "Pole" mara tatu, mbili zilitosha, ndiyo maana ya lile kofi. Umesahau kuandika kwamba ulinichana nywele vibaya, nilionekana kama nimetoka kwenye upepo. Na pale uliposema "muda: saa tatu" umedanganya tena. Ulikaa kuanzia asubuhi mpaka taa za wodi zilipowashwa. Nilikuwa nahesabu. Mgonjwa hana kazi nyingine.

Mengine yote ni kweli. Hasa ule mlango. Niliutazama kwa sababu nilijua unautazama, na nilisema moyoni, akitoka nitamwombea hivyohivyo. Hukutoka.

Daktari kasema nianze na maneno machache, yahesabike, na nisipaze sauti. Majirani wote wanakuja kuyadai. Yule jirani wa simu anataka nimsemeshe yeye kwanza, ati kwa kuwa alinipokelea miezi mitatu. Nimewaandikia wote kwenye karatasi kwamba duka halijafunguliwa.

Kwa hiyo Jumapili, saa tisa alasiri, nipigie simu. Nitapokea mwenyewe. Usinihadithie seminari, usiniombee, usiniulize ninaendeleaje. Niamkie tu, halafu unyamaze. Neno langu la kwanza nimekuwekea wewe, nawe unalijua, kwa sababu shikamoo ina jibu moja.

Shangazi yako